Bafu la Fundi Sefania

Hapakuwa na bafu la maana mjini Lushoto ambalo Sefania Hoza hakuwahi kuliingia na spana mkononi. Nyumba za wakubwa wa wilaya, nyumba za walimu, nyumba za wageni, hata zile za walowezi zenye madirisha ya vioo vidogo vidogo ambazo baada ya Uhuru ziligeuzwa ofisi, zote alizijua kwa mabomba yake kabla hajawajua wenyewe. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, asiyejua kukaa. Akipewa kiti, kwanza anakitikisa aone kama kimelegea. Akipewa chai, anainywa amesimama, jicho likiwa kwenye koki ya mwenyeji wake. Mkewe Raheli alikuwa akisema kwamba katika miaka ishirini na minne ya ndoa hajapata kumwona mumewe akimaliza sahani ya chakula bila kuinuka.

Na kwake mwenyewe, katika kitongoji cha Kwemvumo, mwendo wa saa moja juu ya mji, waliogea nyuma ya uzio wa majani ya migomba, wamesimama juu ya jiwe. Choo kilikuwa cha shimo, chini kwenye mteremko, hatua hamsini na kitu kutoka mlangoni, na njia yake ilikuwa ya udongo mwekundu ambao ukilowa huteleza kama sabuni. Alikichimba mwaka wa kampeni ya afya, redio ilipokuwa ikihimiza kila nyumba iwe na choo chake, na alikuwa wa kwanza kitongojini kukimaliza. Tangu hapo hakukigusa tena. Alikuwa na vyoo vya watu vya kushughulikia.

Mambo yalibadilika mwezi wa pili mwaka 1975, baba yake alipoletwa kutoka Mtae.

Mzee Abrahamu Hoza alikuwa ameishi Mtae maisha yake yote, kule ukingoni ambako ukisimama nyuma ya nyumba unaiona nyika yote imelala chini yako. Kiharusi kilimpata akiwa shambani, mguu na mkono wa kushoto vikafa ganzi. Majirani walimbeba kwa machela mpaka mahali ambapo lori la mboga lingeweza kufika, na lori likamshusha Lushoto kesho yake, amefunikwa magunia kwa ajili ya baridi. Alilazwa hospitalini wiki tatu. Kisha mganga akamwambia Sefania amchukue nyumbani, kwa sababu kilichobaki ni mazoezi na subira. Mazoezi Sefania aliyaelewa. Subira haikuwamo katika mkoba wake wa vifaa.

Tabu ilianza na choo. Sefania alimbeba baba yake, tate kama alivyomwita kwa Kisambaa, mgongoni alfajiri kabla ya kwenda kazini, akambeba tena aliporudi alasiri, na katikati hapo mzee alijizuia. Binti yao Yudith alikuwa ameolewa huko Mnazi, na mwana wao wa kiume alikuwa huko Amani kwenye mashamba ya chai, kwa hiyo mchana nyumbani alibaki Raheli peke yake na mkwe wake. Raheli asingeweza kumsaidia. Si kwamba hakutaka, ila lilikuwa jambo lisilofikirika. Kwa watu wa rika lao, mke wa mwana haketi kwenye kiti cha mkwewe, hapiti mbele yake kichwa wazi, hamtaji jina. Raheli alimwekea mzee chakula juu ya kigoda, akarudi nyuma hatua mbili, akasema kimewekwa, akaondoka.

Wiki mbili zilipopita, Raheli akaona kwamba uji wa asubuhi unarudi karibu wote, na chai haiguswi. Mzee alikuwa akijinyima ili asihitaji kutoka. Alipomweleza mumewe, Sefania aliyekuwa akila huku ameegemea mlango aliweka sahani chini, akaenda kusimama katikati ya stoo, kile chumba cha mahindi na majembe kilichopakana na chumba cha mzee. Akakipima kwa hatua. Tatu kwa mbili na nusu.

"Tutaweka choo humu," alisema. "Cha kukalia. Na bafu, na koki. Tate ni kufungua mlango tu na kuingia."

"Humu ndani ya nyumba?"

"Humu humu."

Raheli aliitazama stoo, kisha akamtazama mumewe. "Akitoka yeye, niingie mimi nikae alipokaa?"

"Mama Yudith, wakubwa wote wa mjini wanaishi hivyo. Nimewawekea mimi mwenyewe."

"Na baba zao wanaishi nao?"

Sefania aliinama. Alikuwa amekwishaanza kutoa magunia ya mahindi.

Bakuli la choo alilipata nyuma ya nyumba moja ya wageni, mahali lilipotupwa baada ya kupata ufa mguuni. Lilikuwa katikati ya magugu na chura alikuwa akiishi ndani. Aliliomba, akaandikiwa karatasi ya kuruhusiwa, akalibeba kichwani siku ya soko, kupitia katikati ya watu wanaouza pea na viazi. Waliomsalimia hakuweza kuwaitikia kwa kichwa. Njiani kupanda Kwemvumo wanawake wawili wenye mizigo ya kuni walisimama kando wampishe, wakamuuliza hicho ni chombo gani. Akawaambia ni kiti cha baba, akaendelea kupanda.

Saruji ndiyo iliyomtesa. Mwaka ule saruji ilikuwa ya kuombewa kibali, na kibali kilikuwa cha kungojewa. Kila siku, akienda kazini na akitoka kazini, Sefania alipita dirishani kwa karani kuuliza, mpaka karani akawa anamwona kwa mbali anatikisa kichwa kabla hajaulizwa. Wiki tano zikapita hivyo. Katika wiki hizo Sefania alichimba shimo la maji machafu, akalichimba upya pembeni kidogo kwa kuwa halikumpendeza, akatengeneza mlango, akaubomoa, akautengeneza ufunguke upande wa pili. Alipopata mifuko yake mitatu aliipandisha kwa punda wa kukodi na kuibwaga sakafuni stoo, akakimbilia kazini. Ukungu wa Kwemvumo huingia hata ndani ya sanduku. Aliporejea kwenye mifuko baada ya siku chache, mmoja ulikuwa umegeuka jiwe. Angekuwa mtu mwingine aliyeweka saruji chini bila ubao, Sefania angemsema mwezi mzima.

Mwashi wake alikuwa Abdallah, mtu wa Tanga mjini aliyepanda milimani zamani kujenga shule na hakushuka tena. Abdallah alizunguka stoo, akagonga ukuta kwa kifundo cha kidole, akasikiliza.

"Hizi ni fito na udongo, fundi," alisema. "Udongo na maji ni ndugu. Vikikutana, kimoja kinamfuata mwenzake. Bomoa huu ukuta wa nyuma kwanza, tuchome matofali."

"Matofali ni miezi mitatu."

"Ni miezi mitatu, ndiyo."

"Piga plasta mpaka kiunoni. Mabomba nitayafunga mimi, na yakifungwa na mimi hayavuji."

Abdallah akapiga plasta. Kwa mifuko miwili badala ya mitatu ilikuwa nyembamba kama ganda la yai, lakini alipoisugua kwa niru, ule uji laini wa saruji, ikang'aa, na Raheli mwenyewe alisimama mlangoni akaitazama kwa muda.

Sasa yakabaki maji. Bomba la kijiji lilipita juu kidogo ya nyumba yao. Lilikuwa kazi ya kujitegemea ya miaka mitatu nyuma. Kila nyumba ilichimba hatua zake za mtaro, na Sefania ndiye aliyeunganisha bomba zima kutoka kwenye chemchemi hadi koki ya uwanjani, bila kudai chochote. Ndiyo maana hakuona sababu ya kuomba ruhusa ya mkutano. Alimtajia balozi wake wa nyumba kumi wakiwa njiani, balozi akasema hewala, na Jumamosi iliyofuata akatoa tawi la bomba hilo kuelekea nyumbani kwake. Mabomba kumi na moja ya zamani, yaliyofukuliwa kwenye shamba la kahawa lililoachwa, aliyapata kwa barua ya mkuu wake wa kazi. Aliyasugua kutu, akayachonga hesi mpya za kuungia, akayapaka rangi nyekundu ya kuzuia kutu, akayafunga moja baada ya moja, akizungushia katani kwenye hesi ili zisivuje. Kiungo cha mwisho kilichoingia ndani ya ukuta alikifunga asubuhi ya siku ya kufungulia maji, majirani wakiwa wamekwishajaa uani.

Maji yakaja. Tangi dogo la juu lilijaa, Sefania akavuta mnyororo, maji yakanguruma na kushuka. Kila jirani alitaka kuvuta. Wakapanga foleni, na tangi likijaa anavuta mwingine, mpaka Abdallah akasema wataimaliza chemchemi. Sefania alikuwa ametota mpaka magotini. Kwa nusu saa nzima alisimama mahali pamoja.

Alasiri, watu walipoondoka, alimbeba baba yake akamketisha, akafunga mlango, akangojea nje. Muda mfupi tu mzee akagonga ukuta kwa bakora.

"Nirudishe."

"Umemaliza, tate?"

"Nirudishe chumbani."

Kesho yake vivyo hivyo. Sefania akafikiri ni ubaridi wa bakuli, akachonga kikalio cha mbao ya mvule. Akafikiri bakuli liko juu mno, akaweka kidaraja cha kuwekea miguu. Akafikiri ni giza, akatoboa dirisha. Mzee aliketishwa, akagonga, akarudishwa, na kisha akaomba abebwe kwenda chini kwenye choo cha shimo kama kawaida. Raheli naye aliendelea kuoga nyuma ya migomba. Bafu likawa na watu wawili wasioliingia na mmoja asiyetoka humo, maana Sefania kila akitoka kazini alikuwa ndani, anakaza hiki, analegeza kile, anaweka sikio kwenye bomba kama mganga.

Wiki mbili baadaye koki ya uwanjani ikaanza kutoa maji membamba kama uzi. Mwenyekiti wa kijiji, Paskali, mkulima mpole wa kahawa aliyekuwa akiongea polepole mpaka watu wakammalizia maneno, aliitisha mkutano. Mwanamwema, mama mmoja wa nyumba za juu, alisema zamani debe lake lilijaa akiwa bado anasalimiana na wenzake, na sasa anaweza kulitega, akarudi nyumbani kusonga ugali, akaja akalikuta halijajaa.

"Ndugu Sefania," Paskali alisema, "bomba hili umelifunga wewe. Maji yamekwenda wapi?"

Sefania alisimama akaongea kwa muda mrefu. Alieleza habari za mchanga kwenye chemchemi, habari za mwinuko, za nguvu ya maji, za majani yanayoziba. Mwisho akasema jambo ambalo baadaye lilimchoma. Alisema kwenye tawi lake halipotei hata tone moja, kwa kuwa limefungwa kwa mkono wake.

Watu hawakumbishia. Waliinua mikono tu, wakakubaliana tawi lifungwe mpaka mambo yaeleweke. Paskali alitaka kutuma vijana wa kijiji, Sefania akakataa, akapanda na kulikata mwenyewe siku ile ile. Kuyaacha mabomba ardhini yaoze hakuweza, na kufungua viungo alivyovifunga kwa mkono wake hakutaka. Akayashusha yakiwa yameungana mafungu mafungu, na mahali pekee palipotosha urefu wake palikuwa kando ya njia ya chooni. Akachimbia panda za miti upande wa kulia, urefu wa kiuno, ili mbuzi wasiyakanyage na matope yasiyafikie, akayalaza hapo.

Siku zile ilikuwa hakukaliki naye. Juu ya yote, watu wa kupima ardhi walipita wakachimbia vigingi vyenye rangi chini ya nyumba yake, na kwa kuwa huko bondeni watu walikuwa wamehamishwa kuanzisha vijiji, uvumi ukaenea kwamba wa mteremkoni watashushwa wakae kando ya barabara. Sefania alivihesabu vigingi kila asubuhi. Alimuuliza Paskali, Paskali akasema hajui. Miezi kadhaa ilipita ndipo ikajulikana kwamba vilikuwa vya ghala la kijiji na wala si vya nyumba ya mtu, lakini wakati ule Sefania alikwenda kazini akiwaza nyumba, akarudi akiwaza bafu, na usingizi wake ukawa wa kuku.

Masika yalikuwa makubwa. Jumapili moja ya mwezi wa tano, mvua ikiwa imetulia kidogo, Sefania na Raheli walikwenda kanisani wakamwacha mzee kitandani na redio yake. Waliporudi waliiona nyumba kwa mbali ikiwa na umbo geni. Ukuta wa nyuma wa bafu ulikuwa umelala chini, umeuvuta ukuta wa kati, na nusu ya paa la mabati lilikuwa limeinama juu ya chumba cha mzee. Bakuli jeupe lilisimama peke yake nje, mvua ikilinyeshea.

Sefania alitupa kitabu cha nyimbo akakimbia. Aliingia kwa dirisha, akaanza kuchimba kwa mikono juu ya kitanda, akirusha udongo na fito nyuma yake, akiita. Chini ya udongo palikuwa na blanketi, chini ya blanketi godoro, na juu ya godoro hapakuwa na mtu. Alichimba chini ya kitanda pia.

Raheli ndiye aliyesikia mtu akikohoa upande wa mteremkoni. Alishuka mbio kwenye njia ya choo, na alipofika karibu alimwona mkwe wake ameketi kwenye kizingiti cha choo, koti limelowa, kofia iko kichwani. Akageuza uso haraka, akajifunga vizuri mtandio, akasimama hapo hapo amempa mgongo, akamwita mumewe kwa sauti ambayo Sefania hakuwahi kuisikia kwake.

Sefania alifika ametapakaa udongo mpaka kwenye nyusi. Alimshika baba yake mabega, akamshika mguu, akamshika mkono, akitafuta palipovunjika.

"Ukuta ulianza kusema," mzee Abrahamu alimwambia. "Ukawa unanimwagia udongo kidogo kidogo kitandani. Nikajua unakuja."

"Umefikaje huku, tate?"

Mzee alifungua kiganja chake cha kulia. Kilikuwa chekundu kwa rangi ya kuzuia kutu. "Mpaka mlangoni nilijikokota kwa makalio. Kutoka hapo nimeshika bomba lako. Kushuka ni mkono huu. Kupanda ni mkono ule, na ule haushiki. Kwa hiyo nikakaa." Akafikiri kidogo. "Na kwa kuwa nilikuwa nimefika, nimejisaidia. Peke yangu."

Sefania aliketi kwenye matope. Raheli, ambaye alikuwa bado amewapa mgongo, alisimulia baadaye kwamba alisikia kishindo akadhani mumewe ameanguka.

"Mbona kule ndani ulikataa?" Sefania aliuliza.

"Yule mama ananipikia," mzee alisema kwa sauti ya chini, akielekeza kidevu juu kidogo, upande alikosimama Raheli. "Nikae mle anisikie? Na yeye akiingia nimsikie, mimi nimelala upande wa pili wa fito? Ningemtazamaje akiniletea uji?"

"Ungeniambia, tate."

"Ulikuwa unapita mbio na nyundo."

Sefania alimbeba mgongoni mpaka jikoni, kwenye moto. Kisha akarudi kwenye kifusi. Hakuanza kujenga. Alichambua udongo taratibu, kipande kwa kipande, mpaka akakipata kile kiungo cha mwisho kilichokuwa ndani ya ukuta. Akakifungua. Hesi zilikuwa tupu. Hapakuwa na katani hata uzi mmoja, maana asubuhi ile watu walikuwa wamejaa uani na yeye alikuwa na haraka ya kuwaonyesha. Wiki mbili zile kiungo kilikuwa kimetiririka ndani ya ukuta, udongo ukanywa, na yeye amesimama mkutanoni akiapia mkono wake.

Alikitia mfukoni, akaenda kwa Paskali vile vile alivyo, na nguo za kanisani zenye matope. Mwenyekiti alimsikiliza hadi mwisho, akakigeuzageuza kile chuma.

"Wangapi wanajua?" aliuliza.

"Mimi na wewe."

"Unataka kiishie hapa?"

Sefania alisema hapana. Alisema kinamuunguza mfukoni. Basi kwenye mkutano uliofuata alisimama mbele ya watu, akakiinua, akasema maji yao yalipotelea hapo, hakukifunga, na aliwaambia uongo pasipo kujua kwa sababu hakutaka kwenda kutazama. Mwanamwema alimuuliza kama ndiyo hayo tu. Akasema ndiyo hayo tu, akaketi. Watu wakaingia kwenye ajenda ya mbegu za mahindi. Ajenda ya mbegu ilipokwisha Paskali akauliza tawi la ndugu Sefania lifanyweje. Ilikubaliwa lirudishwe kwa sharti kwamba aweke koki ya pili kwa ajili ya nyumba tano za juu, na kwamba kila kiungo kikaguliwe na mtu mwingine kabla ya kufukiwa. Waliyemteua kukagua ni Mwanamwema.

Kazi ya pili ilianza na baba. Sefania alichimba choo kipya katikati ya ile njia, mahali paliposawazika, akakipa paa na mlango mpana. Bakuli lenye ufa alilisimika humo, halina tangi wala mnyororo, la kumwagia maji kwa kopo. Kutoka mlangoni mwa mzee hadi hapo aliweka mabomba pande zote mbili, la kulia la kwendea na la kushoto, ambalo kwa anayepanda huwa kulia, la kurudia. Sehemu yenye mteremko mkali aliiwekea ngazi za mawe. Alipomaliza alitaka kumshika baba yake mkono katika safari ya kwanza. Mzee akamwambia akae mbali. Alichukua karibu nusu saa kwenda na kurudi, na Sefania alikuwa nyuma ya mgomba akihesabu hatua, midomo ikimcheza. Kufikia mwezi wa nane mzee alikuwa akienda mara nne kwa siku, mara nyingine bila haja, na bakuli lake la uji lilikuwa likirudi tupu.

Tangu mwezi wa sita walikuwa wakichoma matofali pia. Ilichukua miezi mitatu, kama Abdallah alivyosema, na Abdallah alimkumbusha jambo hilo kila siku ya miezi hiyo. Mabomba yaliyobaki hayakutosha kufika mahali pa zamani, kwa hiyo bafu jipya lilijengwa upande wa juu wa nyumba, limejitenga, mlango wake ukitazama migomba. Safari hii Sefania alimuuliza Raheli dirisha liwe wapi. Raheli alisema liwe juu, pasipofikia jicho la mtu. Alimuuliza koki iwe mkono upi. Alimuuliza sakafu imwagike upande gani. Akauliza mengi mpaka Raheli akamwambia sasa inatosha, ajenge.

Mwanamwema alikuja kukagua siku ya mwisho. Alichuchumaa kwenye kila kiungo, akapitisha kidole, akakitazama kidole. Kwenye kiungo cha nne alisema anaona unyevu. Sefania alisema ni umande. Mwanamwema akakunja mikono akasubiri. Sefania akakifungua kiungo, akakizungushia katani upya, akakifunga.

Mzee Abrahamu alirudi Mtae mwaka uliofuata. Alisema amepona kiasi cha kutosha kuishi kwake, na kwamba huku Lushoto milima inamziba. Aliingia kwenye lori kwa kushikwa mkono mmoja tu, na Sefania alimfuata na msumeno na misumari, akamtengenezea huko njia ya nguzo za mikaratusi pande mbili. Aliishi miaka mitatu zaidi.

Lakini jioni ile ya mwezi wa kumi, bafu lilipokauka, mzee alikuwa bado yupo, ameketi upande wake wa nyumba akisikiliza redio. Raheli alichemsha maji, akamimina kwenye beseni, akachukua sabuni na kitambaa, akaingia, akasukuma komeo. Sefania alisikia koki ikifunguliwa. Alizunguka bafu mara moja. Akainama kutazama mahali bomba linapoingia ukutani, akaupapasa ukuta. Ulikuwa mkavu. Akazunguka tena.

"Mama Yudith, koki inafunga vizuri?"

Maji yalimwagika sakafuni, yakatulia, yakamwagika tena.

"Na pale chini maji yanaondoka, au yanatuama?"

Raheli alikuwa akiimba polepole wimbo wa kwaya, sauti ya pili. Sefania alisimama mbele ya mlango, mkono ukiwa umenyanyuliwa kugonga. Akaushusha. Akaenda kuketi kwenye jiwe lililokuwa nyuma ya migomba, akainuka, akaketi tena. Jua lilikuwa limekwishashuka nyuma ya msitu wa Magamba na ukungu ulianza kupanda kutoka bondeni. Raheli alimaliza wimbo mmoja, akaanza mwingine.